Ugonjwa Unaoonekana Pichani Ni wa Nani?

Mwaka 2018 daktari wa moyo wa Boston, Mandeep Mehra, pamoja na mwenzake Hilary Campbell, waliandika katika jarida la Mayo Clinic Proceedings kwamba Mona Lisa alikuwa mgonjwa. Waliorodhesha dalili kama zinavyoorodheshwa kwenye kadi ya mgonjwa: ngozi ya manjano, nywele nyembamba zilizorudi nyuma kwenye paji la uso, nyusi hazipo, uvimbe kidogo shingoni, na lile tabasamu maarufu, ambalo kwao lilikuwa uso wa mtu aliyelegea misuli. Hitimisho lao likawa kwamba tezi ya shingo ilikuwa haifanyi kazi sawasawa, pengine baada ya kujifungua. Kabla yao, mwaka 2004, Jan Dequeker na wenzake walikuwa wamemtazama mwanamke yuleyule, wakaona kidoa cha mafuta karibu na jicho na uvimbe laini mkononi, wakasema tatizo lake ni lehemu nyingi ya kurithi. Mgonjwa mmoja, madaktari makundi mawili, magonjwa mawili, na hakuna aliyemgusa.

Lisa Gherardini, mke wa mfanyabiashara wa hariri wa Florence, alifariki mwaka 1542 akiwa na miaka 63. Kwa zama zile huo ni umri wa kuheshimika, na mtu aliyebeba lehemu ya kurithi na tezi iliyochoka tangu ujana asingetarajiwa kuufikia kirahisi. Halafu kuna nakala ya picha hiyo katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid, iliyochorwa katika karakana ya Leonardo mwenyewe. Iliposafishwa na kuoneshwa upya mwaka 2012, watu waliona Lisa mwenye mashavu yenye damu na nyusi zilizochorwa vizuri. Picha iliyoko Paris imefunikwa na vanishi ambayo imegeuka rangi kwa karne nyingi, na nyusi zake zimefifia. Umanjano ule ni wa vanishi. Vanishi haina tezi.

Huko Ulaya na Marekani kazi hii ya kutafuta magonjwa katika picha za kale ina wafuasi wengi: madaktari wastaafu, wahadhiri wanaotaka kuwafunza wanafunzi kutazama, na wahariri wanaojua kwamba jina la Leonardo linauza. Msomaji wa Kasulu, Kibondo au Kasanda kule Kakonko anaweza kuona ni burudani ya watu wenye nafasi. Mimi naona inamhusu, kwa sababu mbili. Nyanda za juu za Kigoma ni mahali ambapo shingo iliyovimba ilikuwa jambo la kweli, lenye takwimu, dawa na sheria yake. Tena Kigoma na maeneo yanayoizunguka yamepigwa picha na kuchorwa na wageni kwa zaidi ya miaka 150, na picha hizo leo zinasomwa na watu wanaodhani jicho linatosha. Kwa hiyo kila tunapoambiwa kwamba picha fulani inaonesha ugonjwa, swali la kwanza liwe: ugonjwa huo ni wa nani? Wa aliyechorwa, wa mchoraji, wa rangi, au wa mahali?

Mfano wa Rembrandt unaonesha jinsi swali hilo linavyobana. Katika picha yake ya Bathsheba ya mwaka 1654, iliyoko Louvre, ziwa la kushoto lina kivuli na bonde kidogo. Mwaka 1983 madaktari wawili waliandika kwamba hiyo ni saratani. Mwanamke anayeaminika kuwa ndiye aliyekaa mbele ya mchoraji, Hendrickje Stoffels, aliishi miaka tisa zaidi, hadi 1663. Saratani ya titi isiyotibiwa, iliyokwisha kubonyeza ngozi, ikamwacha mtu miaka tisa? Wengine wakapendekeza kifua kikuu cha titi, wengine jipu la kunyonyesha. Wapo waliosema, na mimi nipo upande wao, kwamba mkono ukiwekwa namna ile na taa ikipiga kutoka pembeni, nyama ya mwili hujikunja. Mchoraji aliona kivuli akachora kivuli.

Lakini ipo kazi ya aina hii iliyofanywa kwa uangalifu, na inafaa kutazamwa kwa sababu haikumtafuta mtu mmoja. Mwaka 2019 watafiti wa Hispania waliwapa madaktari 10 wa upasuaji wa taya picha 66 za watu 15 wa ukoo wa kifalme wa Habsburg, wapime ni kiasi gani taya la chini limechomoza. Matokeo yakalinganishwa na nasaba ya ukoo huo, ambayo inajulikana kwa vizazi 20 kwa sababu wafalme huandika nani kaoa nani. Waliozaliwa na wazazi wenye undugu wa karibu zaidi ndio waliokuwa na taya lililochomoza zaidi. Hapo picha nyingi za wachoraji mbalimbali, wakiwemo waliolipwa kumpendezesha mfalme, zote zinavuta upande mmoja, na karatasi za ndoa zinashuhudia. Ugonjwa ule ni wa ukoo, na ukoo una kumbukumbu.

Rovu nalo, ambalo wengi hospitalini huliita goita, linaonekana katika sanaa ya Ulaya kwa namna hiyo ya wingi. Katika picha ya Caravaggio ya kusulubiwa kwa Mtakatifu Andrea, iliyochorwa Napoli mwaka 1607 na sasa iko Cleveland, kwenye kona kuna bibi kizee mwenye rovu lisilo na ubishi. Hakuna aliyemlipa Caravaggio kumchora bibi huyo akiwa mzuri, na huenda ndiyo maana tunaweza kumwamini. Kwa upande mwingine, picha nyingi za Bikira Maria za karne ya 15 na 16 zina shingo nene kidogo, na baadhi ya madaktari wamezihesabu kuwa ni rovu. Hapo nasita. Shingo iliyojaa ilikuwa alama ya uzuri, na mchoraji mmoja alipoichora, wanafunzi wake wakaiga. Ila tukijua kwamba mabonde ya Alps yalikuwa na rovu kijiji kwa kijiji hadi Uswisi ilipoanza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, katika jimbo la Appenzell Ausserrhoden, tunaelewa kwamba wachoraji walikuwa wakiishi katikati ya shingo hizo. Picha moja haithibitishi kitu. Picha mia kutoka nchi isiyo na madini joto, zikilinganishwa na mia kutoka pwani, zingeanza kusema.

Afrika Mashariki inayo picha yake ya zamani kuliko zote hizi. Kwenye kuta za hekalu la Malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari, Misri, yapata mwaka 1470 KK, wachongaji walionesha msafara uliokwenda nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi leo huiweka kwenye pembe ya Afrika, upande wa Eritrea na nchi jirani. Mfalme Parahu amesimama mwembamba na ndevu zake. Nyuma yake yuko mkewe, Ati, mwenye makalio na mapaja yaliyojaa mafuta kwa mikunjo, mgongo uliopinda kwa ndani na mikono yenye nyama zinazoning'inia. Kuna punda pia, na maandishi juu yake yanaeleza kwamba ndiye anayembeba malkia. Tangu ukuta huo ugunduliwe karne ya 19, Ati amepewa matende, ugonjwa wa mafuta ya mwili, ufupi wa kurithi, na magonjwa mengine yenye majina marefu. Amepewa pia maelezo kwamba hana ugonjwa wowote, kwamba ni unene wa makalio unaojulikana kwa baadhi ya watu wa Afrika.

Aliyemchonga Ati alikuwa mtu wa Misri. Alikuwa na kanuni kali za kuchora mwili wa mwanadamu, na kwa malkia wa kwao alizifuata. Kwa malkia wa ugenini alijiruhusu kuziacha. Hatujui kama alifika Punt au alisimuliwa. Punda yule ananitia shaka: ni mzaha, na mtu anayefanya mzaha huongeza chumvi. Hata hivyo binti wa Ati naye amechongwa na umbo la kuelekea hukohuko, jambo ambalo waliosema ugonjwa wa kurithi wanalishikilia. Linaweza pia kuwa mzaha uleule umerudiwa. Kosa la namna hiyo limeshatokea kwa Farao Akhenaten, aliyechongwa na uso mrefu, nyonga pana na vidole virefu. Kwa miaka mingi alipewa ugonjwa wa Marfan, hadi mwaka 2010 timu ya Zahi Hawass ilipochunguza mifupa inayodhaniwa kuwa yake pamoja na maiti za ukoo wake, isipate ushahidi wa ugonjwa huo. Umbo lile lilikuwa mtindo wa utawala wake, na wasaidizi wake nao wakachongwa hivyohivyo.

Wapo wachongaji waliokusudia ugonjwa. Wapende wa Kongo wana kinyago kinachoitwa mbangu, uso uliogawanyika nusu nyeupe na nusu nyeusi, mdomo na pua vimevutwa upande mmoja. Daktari akikiona anasema papo hapo: kupooza kwa mshipa wa uso. Na pengine hakosei kuhusu kile fundi alichokiona kwa jirani yake. Ila kinyago kinapocheza ngoma, kinamhusu mtu aliyerogwa, na watazamaji wanakumbushwa kwamba aliyepatwa na balaa hakujitakia. Hapo ugonjwa ni wa mhusika wa mchezo. Kumtafuta mgonjwa mwenyewe ni sawa na kumtafuta sungura wa ngano porini.

Turudi Kigoma. Ujiji, bandari ya Ziwa Tanganyika, ni mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na kukutana kwao kukachorwa na kuchapishwa magazetini London. Livingstone alishapigwa picha na kuchorwa mara nyingi kabla ya hapo. Mwaka 1864 Thomas Annan wa Glasgow alimpiga picha ambayo bado inatumika vitabuni. Mtazame huyo mzee mwenye masharubu, useme ana nini. Huwezi kuuona mkono wake wa kushoto ulivyotafunwa na simba mwaka 1844, mfupa ukaungana vibaya na kubaki na kiungo kisicho cha kweli katikati ya mkono. Lakini mwaka 1874, maiti yake ilipofika London imekaushwa na haitambuliki, ni mfupa huo ambao daktari Sir William Fergusson aliutumia kuthibitisha kwamba ni yeye.

Na kuhusu kilichomuua, anayestahili kusikilizwa ni Farijala, mmoja wa wafuasi wake, ambaye alikuwa amefanya kazi kwa daktari Zanzibar na kujua kidogo namna ya kupasua maiti. Baada ya Livingstone kufariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873, Farijala alifungua mwili ili moyo na matumbo vizikwe pale na mwili uweze kukaushwa na kubebwa hadi Bagamoyo. Alisimulia kwamba alikuta bonge la damu lenye ukubwa wa kiganja cha mtu upande wa kushoto, na mapafu yaliyokauka yenye madoa meusi na meupe. Ukichanganya hayo na shajara ya Livingstone mwenyewe, yenye habari za kuhara damu na kutokwa damu siku baada ya siku, unapata kitu ambacho hakuna picha iliyotoa. Nashangaa ni vitabu vingapi vinavyoweka picha ya Annan ukurasa mzima na kumpa Farijala mstari mmoja.

Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye misafara yake ilipita Ujiji kwenda Manyema, ni kisa cha upande wa pili. Stanley alipokutana naye mwaka 1876 aliandika kwamba macho yake yalikuwa na tabia ya kupepesa kwa mshtuko, na Mjerumani aliyeandika maisha ya Tippu Tip, Heinrich Brode, akalihusisha jina hilo na kope hizo. Mwenyewe, katika maisha yake aliyoyaandika, alisema jina lilitokana na mlio wa bunduki zake. Picha zake zipo, mzee wa heshima mwenye kilemba na ndevu nyeupe. Kope zake zimetulia. Hazingeweza kuwa vingine: picha hukamata nukta moja tu ya wakati, na kupepesa ni jambo la mwendo. Daktari anayesoma picha hiyo atamwandika mzima. Kifafa, kutetemeka, kupepesa, kupumua kwa shida, kigugumizi, yote hayo hayaingii kwenye fremu, na kwa hiyo kila orodha ya magonjwa ya watu wa kale iliyotoka kwenye picha ina pengo kubwa upande huo.

Kibondo na Kasulu zilipata wapigapicha wake rasmi wakati wa malale. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Kiingereza iliwahamisha maelfu ya Waha kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vilivyofyekwa msitu, ili kuwaweka mbali na mbung'o. Watu waliacha mashamba, makaburi na mizimu yao. Picha za zama zile za malale, hapa na kwingineko Afrika, zina sura moja inayojirudia: mtu amelala chini, macho nusu, mbavu zinahesabika, hana jina. Anayezitazama leo anaona malale, kwa sababu maelezo ya chini yanamwambia ni malale. Yafunike maelezo. Mtu huyo anaweza kuwa na njaa, homa ya malaria au uchovu wa safari, au amechoka kumsubiri mzungu apange mashine yake.

Hata dalili ambayo kweli inaonekana kwa macho ina mipaka yake. Mwaka 1803 Thomas Winterbottom, daktari aliyefanya kazi Sierra Leone, aliandika kwamba wafanyabiashara ya watumwa waliwakataa watu wenye tezi zilizovimba nyuma ya shingo, kwa kuwa walijua hao wataugua usingizi. Dalili hiyo bado ina jina lake. Lakini ni dalili ya malale ya Afrika Magharibi na Kati, yanayochukua miaka. Malale ya Kibondo ni ya aina ya mashariki, yanayokwenda mbio kwa wiki na miezi, na mara nyingi tezi hizo hazitokezi. Mtu anayezitafuta shingoni kwenye picha za Buha, nchi ya Waha, anatafuta ugonjwa wa mkoa mwingine. Kilichothibitisha ni tone la damu chini ya hadubini, na vijidudu vinavyojinyonganyonga.

Shingo ya mbele ndiyo iliyokuwa na habari za kudumu za nyanda hizi. Milima iliyooshwa na mvua kwa muda mrefu hupoteza madini joto kwenye udongo, na mazao yanayoota humo huyakosa. Chumvi ya Uvinza, inayotoka kwenye chemchemi karibu na Ruchugi na Malagarasi na ambayo watafiti wa mambo ya kale John Sutton na Andrew Roberts walionesha kwamba imechemshwa kwa takriban miaka 1,500, ilifika Buha kote. Lakini chumvi ya namna hiyo haina madini joto ya kutosha mpaka yatiwe kiwandani.

Sasa angalia namna wahudumu wa afya wanavyopima rovu, maana hapa ndipo wasoma picha wangejifunza. Mpimaji anasimama au anakaa mbele ya mwanafunzi, anaweka vidole gumba pande mbili za koo, anamwambia ameze mate, na tezi inapanda na kushuka chini ya vidole. Kila upande wa tezi ukizidi pingili ya mwisho ya kidole gumba cha mtoto huyohuyo, ni rovu. Daraja la kwanza ni lile linalopapaswa lakini halionekani shingo ikiwa wima. Daraja la pili linaonekana. Kwa utaratibu wa zamani wa Shirika la Afya Duniani kulikuwa hata na daraja la rovu linaloonekana tu kichwa kikiinuliwa nyuma. Fikiria basi wachoraji wa Ulaya waliopenda kuwainamisha na kuwainua watakatifu vichwa kuelekea mbinguni: wamechora pozi ambalo ndilo hutoa tezi nje. Na yale ya daraja la kwanza, ambayo mara nyingi ndiyo mengi shuleni, hakuna brashi iliyoyakamata.

Na bado vidole havikutosha, kwa kuwa wapimaji wawili hutofautiana juu ya shingo moja. Ndiyo maana hupimwa mkojo, kwa kuwa sehemu kubwa ya madini joto tunayokula hutoka kwa njia hiyo. Katika miaka ya 1980, karibu robo ya wanafunzi waliopimwa nchini walikuwa na rovu, na wilaya zilizoathirika zaidi, za Kigoma zikiwemo, ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Miaka ya 1990 ikaja sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta rovu kwa takriban asilimia 7 ya wanafunzi, na zaidi ya asilimia 80 ya kaya zikitumia chumvi hiyo.

Ila hata mahali huweza kusomwa vibaya. Kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ng'ambo ya milima kutoka kwetu, watafiti wa Kibelgiji wakiongozwa na François Delange na A. M. Ermans walikuta katika miaka ya 1960 rovu limeenea sana kaskazini na ni haba kusini-magharibi. Mtu angesema upande mmoja una madini joto na mwingine hauna. Walipopima, yalikuwa pungufu pande zote mbili. Tofauti ilikuwa muhogo: usipolowekwa na kukaushwa vya kutosha huacha mwilini sumu inayoizuia tezi kuchukua hata yale madini machache yaliyopo. Sisi tunaokula ugali wa muhogo kila siku tunaujua huo uchungu wa muhogo ambao haujakaa majini vya kutosha. Delange na wenzake waliufikia ukweli huo kwa kupima mikojo na kwa kufuatilia watu wa kila upande wa kisiwa wanapika nini.